Mbwa jike akiingia joto: umfungie ndani, umchome sindano au umfunge kizazi kabisa?

Niseme mapema tusije tukazungushana: mimi nimemfunga kizazi mbwa wangu na sijutii. Ila nilifika hapo kwa kuzunguka sana, nilianza na kumfungia ndani nikafeli, nikakaribia kumchoma sindano dokta akanikatalia, na katikati ya hayo nimelea watoto saba wa mbwa ambao sikuwapanga hata kidogo. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyechapwa, lakini sisemi kila mtu afanye kama mimi, kuna mbwa ukimkata (yaani ukimfunga kizazi) mapema unamharibia na kuna mtu ana sababu zake nzuri tu za kusubiri.

Kabla ya kulinganisha njia tuelewane kwanza kuhusu hilo joto lenyewe, maana wengi tunapambana na kitu ambacho hatukijui.

Jike anaanza kuingia joto akiwa na miezi 6 mpaka 12 hivi, vile vidogo vidogo vinawahi, majitu makubwa kama Great Dane au Boerboel anaweza kufika mwaka na nusu au hata miaka miwili hujaona kitu. Baada ya hapo anarudia kila baada ya miezi 6 au 7, wengine mwaka mzima, wale Basenji wenye asili ya Kongo kwa kawaida wao ni mara moja tu kwa mwaka. Na hakomi. Mbwa hana ule umri wa kukoma hedhi kama mama zetu, bibi wa miaka 10 akikutana na dume anaweza kubeba mimba vizuri tu.

Sasa kosa kubwa la mtaani ni kuipigia hesabu ile damu kama hedhi ya mwanamke. Mwanamke akitoka damu ina maana yai la mwezi ule limeshapita, lakini mbwa ni kinyume, damu inakuja KABLA ya yai. Zile siku 7 mpaka 10 za mwanzo uke unavimba, damu inadondoka sakafuni, madume wanaanza kujaa getini, lakini yeye mwenyewe hataki, akisogelewa ananguruma au anakaa chini kabisa. Halafu damu inapauka, inakuwa majimaji ya rangi ya majani makavu, ule uvimbe unalegea kidogo, na ukimkuna mgongoni karibu na mkia anausogeza mkia pembeni na kusimama tuli. Hapo ndo yuko tayari, na hali hiyo inakaa kama siku 5 mpaka 9, wengine zaidi. Yaani siku ile unayosema "afadhali damu imekata, ameshamaliza" ndo siku ya hatari kuliko zote.

Mimi ndo nilisema hivo. Tausi, mbwa wangu, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 24, siku ya kumi na moja nikaona banda kavu hakuna tone, nikaosha sakafu kwa dettol nikijisifia, nikamfungulia azunguke uani kama kawaida. Jioni dada wa kazi ananiita, nafika nyuma ya simtank nakuta wamegandana na dume wa jirani, mmoja anatazama huku mwingine kule, dada anataka kuwamwagia ndoo ya maji. Nikamzuia. Ukishakuta wamenasana umechelewa, mbegu zimeshaingia, ukiwavuta au kuwapiga unaweza kuwaumiza wote wawili vibaya, waache tu wataachana wenyewe ndani ya dakika 5 mpaka 30. Kumbe hata dume huyo hakuwa peke yake, maana baada ya kama siku 63 alizaa saba, watano wekundu kama wa jirani na wawili weusi wenye soksi nyeupe, wamefanana kabisa na yule anayelala kwa fundi gereji. Inawezekana, mbegu za dume zinaishi ndani ya jike mpaka wiki nzima na mayai hayakomai papo hapo, kwa hiyo mzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au zaidi.

Haya, njia zenyewe.

KUMFUNGIA NDANI

Faida yake iko wazi, haina kisu, haina dawa, na kama unataka kuja kumzalisha baadaye hujafunga mlango wowote. Ukiiangalia juu juu ni bure. Ila sio bure, inakula muda wako na inadai nidhamu ya watu wote wa nyumba, sio wewe tu, maana mtoto akiacha geti wazi dakika mbili kwenda dukani kazi imeisha.

Hesabu yangu ni wiki 4 kamili tangu tone la kwanza la damu, sio wiki mbili wala "mpaka damu ikate". Wengi joto linaisha kwenye wiki ya tatu lakini ile wiki ya ziada ni bima. Na tone la kwanza lenyewe unaweza usilione, wengine wanajilamba sana hawaachi alama, kwa hiyo mzoee kumwangalia nyuma, na ukiona madume wageni wanakojolea geti lako, ujue taarifa zimeshawafikia kabla yako.

Banda lazima liwe na paa au wavu juu, sakafu ngumu asichimbe, na kama ni la nondo au wavu wazi basi liwe limezungushiwa kitu, kwa sababu wanapandana hata kupitia kwenye nondo, usidhani ni utani. Fensi ya michongoma sahau kabisa. Na sisi wa Dar banda la mabati mwezi wa pili ni oveni, kumfungia mbwa humo mchana kutwa ni kumuua taratibu, bora umpe store au bafu la nje lenye dirisha na maji ya kutosha. Kumtoa kujisaidia ni kwa kamba, na wewe ukiwa umeishika, halafu mwagia maji pale alipokojoa maana mkojo wake ndo tangazo lenyewe.

Kama una dume nyumbani, ni rahisi zaidi kumpeleka dume kwa ndugu mwezi mmoja kuliko kuwatenganisha chini ya paa moja. Atalia usiku, hatakula, atatafuna mlango. Na kaka na dada wa tumbo moja sio salama, mbwa hawana mambo ya undugu.

Pampas zinasaidia kochi lisichafuke, basi. Hazizuii mimba, dume anaichana kwa sekunde. Kumpaka Vicks au pilipili nyuma ni kumtesa tu, na madume wanakuja vilevile.

Sasa piga hesabu ya muda mrefu. Joto mara mbili kwa mwaka, siku 28 kila moja, kwa miaka 10, hiyo inafika siku 560. Mwaka mmoja na nusu wa maisha ya mbwa kifungoni, na mara 20 ambazo wewe hutakiwi kukosea hata mara moja. Mimi nilikosea kwenye ya pili.

SINDANO YA KUZUIA

Hii ndo inayouzwa kirahisi, unaenda duka la dawa za mifugo unaeleza shida, unapewa kitu au anakuja mtu kumchoma nyumbani, bei ndogo kuliko opereshen, na kweli joto haliji. Kwa mtu anayelinganisha pesa ya leo na leo, sindano inashinda mbio.

Lakini angalia inafanyaje kazi. Zile sindano zimetengenezwa kwa homoni za jamii ya projesteroni (ile homoni inayotunza mimba), ikiwemo ile ile ya akina mama ya miezi mitatu. Mbwa jike baada ya kila joto, awe na mimba asiwe na mimba, mwili wake unakaa na projesteroni juu kwa kama miezi miwili, ukuta wa kizazi unanenepa, mlango unafunga, na bakteria waliopanda wakati wa joto wakibaki ndani wanapata sehemu nzuri ya kukaa. Kinachofuata ni usaha kwenye kizazi, ugonjwa ambao kwa kawaida unajitokeza wiki chache baada ya joto. Sasa sindano ni kuongeza homoni ile ile juu ya nyingine. Ndo maana inaongeza hatari ya usaha, inaongeza uvimbe kwenye matiti, na wengine wanapata kisukari.

Jirani yangu wa mtaa wa pili alimchoma wake miaka miwili mfululizo, alikuwa ananicheka mimi na banda langu. Siku moja mbwa anakunywa maji hatari, ndoo inaisha asubuhi, anakojoa kila saa, hali chakula, tumbo limejaa. Walidhani ana mimba. Kumbe usaha, na mlango wa kizazi ulikuwa umefunga kwa hiyo hakuna kitu kilichotoka nje cha kuwashtua. Ilibidi akatwe usiku kwa dharura akiwa hoi, na hiyo opereshen ni ile ile aliyokuwa anaikwepa, ila sasa ghali zaidi na ya hatari zaidi. Alipona, bahati yake.

Sio kwamba sindano zote ni sawa. Ipo proligestone, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mbwa na ina madhara kidogo kuliko za zamani, ina ratiba yake, ya pili baada ya miezi 3, inayofuata baada ya 4, halafu kila miezi 5. Kama dokta wa mifugo mwenyewe amempima mbwa wako, anajua joto la mwisho lilikuwa lini, na anakuandikia hiyo kwa sababu maalum, sawa. Ila ya kuchomwa na mtu wa dukani ambaye hata hajauliza mbwa aliingia joto lini, mimi naikataa wazi. Na vidonge vya uzazi vya binadamu tafadhali jamani, acheni.

KUMFUNGA KIZAZI

Hapa ni kupigwa nusu kaputi, anafunguliwa tumbo, anatolewa ovari, mara nyingi na mji wa mimba pia. Inafanyika mara moja na habari ya joto imeisha, damu imeisha, madume getini wameisha, mimba imeisha. Usaha kwenye kizazi nao unakuwa karibu haupo tena, na hilo sio jambo dogo. Sweden, ambako mbwa wengi majike walikuwa hawakatwi na rekodi za bima zao zimetunzwa vizuri, ilionekana karibu robo ya majike walipata usaha kabla ya kufika miaka 10. Robo! Mbwa mmoja kati ya wanne. Uvimbe wa matiti nao unapungua, na unapungua zaidi kama amekatwa mapema, hasa kabla ya joto la kwanza au la pili.

Upande wa pili wa mizani. Hairudishwi, ukija kubadili mawazo basi. Nusu kaputi ina hatari zake japo kwa mbwa mzima mwenye afya ni ndogo. Anaongezeka uzito usipopunguza chakula, punguza kama robo ya kile alichokuwa anakula, na hapa dona na utumbo vinaponza sana maana tunapakua kwa macho. Wengine, hasa wakubwa kama Rottweiler na Doberman, baadaye wanaweza kuvuja mkojo wakiwa wamelala, kuna dawa lakini ni kero.

Na muda wa kukata ndo watu wanapochanganyikiwa. Mbwa mdogo au wa kienyeji wa kilo 12 au 15, kuanzia miezi 6 hakuna tatizo. Mkubwa ni habari nyingine, homoni zinamsaidia mifupa na viungo vikomae. Chuo cha UC Davis kule California walifuatilia mbwa wengi wakakuta German Shepherd waliokatwa kabla ya mwaka wanapata matatizo ya viungo zaidi, na kwa jike wa aina hiyo wanashauri usubiri mpaka karibu miaka 2, na chotara atakayefika kilo 20 na zaidi usubiri angalau mwaka. Kwa hiyo mwenye German Shepherd utake usitake utapitia kwenye kumfungia ndani mara moja au mbili kabla ya kisu. Unaona jinsi njia hizi haziko mbalimbali kama tunavyozipanga.

Usimkate akiwa kwenye joto kama si dharura, mishipa ya kule imejaa damu na inavuja zaidi. Subiri miezi 2 au 3 baada ya joto kuisha. Hiyo miezi inakupa pia nafasi ya kuona kama ana mimba ya uongo, Tausi ilimpata wiki kama ya saba baada ya joto lake la tatu, hajapandwa safari hii, lakini maziwa yanatoka na kandambili yangu moja ya kijani kaibeba kaipeleka bandani anailamba na kuilalia, ukisogea ananguruma. Inaisha yenyewe wiki mbili tatu, usimkamue maana ukimkamua ndo maziwa yanaongezeka.

Kitu kimoja ambacho kwetu huku ni lazima na makala za Ulaya hazikitaji sana: kupe. Ugonjwa wa kupe unaoitwa ehrlichia unashusha chembe za kugandisha damu, mbwa anaonekana mzima tu anakimbia, ukimpasua damu haikati. Omba apimwe damu kabla. Dokta wangu alimpima Tausi akakuta chembe ziko chini, akatibiwa kwa antibiotiki ya doxycycline wiki nne ndo tukarudi. Angekatwa siku ile ya kwanza sijui.

Baada ya hapo ni siku 10 mpaka 14 bila kukimbia, bila kuoga, amevaa ile kola ya plastiki shingoni asilambe mshono (anagonga kila kitu, mlango, miguu yako, ndoo), halafu nyuzi zinatolewa.

Zile hadithi za "lazima azae mara moja kwanza ndo awe na afya" na "ukimkata hatalinda tena" hazina ukweli. Tausi anabweka vilevile, na bora sasa, maana mbwa mwenye joto usiku halindi, anatafuta pa kutokea. Halafu madume sita wakipigana getini kwako wanaumana, na mbwa wanaoumana ndo njia kichaa cha mbwa kinavyosambaa, na hao chanjo hujui walichanjwa lini kama waliwahi.

NA WANAOTAKA KUZALISHA?

Hiyo ni biashara nyingine na sitaki kuirefusha. Usimpandishe kwenye joto la kwanza, mpeleke kwa dokta apime projesteroni ya damu kuliko kuhesabu siku kwa vidole, na kabla ya kufikiria bei ya mtoto mmoja piga hesabu ya maziwa, dawa za minyoo, chanjo, na uwezekano wa kupasuliwa kama watoto wamekwama. Wale saba wangu niliwagawa bure, na wawili wa mwisho nilikaa nao miezi mitano ndo wakapata watu.

Kama ameshapandwa kwa bahati mbaya usikimbilie kuomba "sindano ya kuharibu" popote pale, zile za estrojeni zinaweza kumletea usaha huo huo au kumharibia uboho. Ipo aglepristone, dawa ya kutoa mimba ya mbwa, sindano mbili zinazopishana saa 24, inafanya kazi mpaka kama siku ya 45, ila inategemea dokta wako anaipata. Na kama ulikuwa tayari umepanga kumfunga kizazi, mwambie dokta ukweli wote, inawezekana kabisa kufanya yote kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo kama unaniuliza mimi: mbwa wa kienyeji au mdogo, wa ulinzi au wa kupenda tu, huna mpango wa kuzalisha, mkate mapema uendelee na maisha. Mbwa mkubwa, mfungie kwa nidhamu mpaka akomae halafu mkate. Huna hela sasa hivi, mfungie huku unaweka kidogo kidogo, na uulizie wanaofanya kwa bei nafuu: Nairobi kuna KSPCA (shirika la kutetea wanyama), upande wa Arusha kuna shirika la Mbwa wa Africa pale Usa River, Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine). Mbwa mzee sana au mgonjwa asiyeweza nusu kaputi, hapo ndo kufungia kunashinda. Sindano kwangu iko mwisho wa foleni.

Ukimpigia dokta simu usianze na "bei gani". Mwambie kilo zake, umri, tarehe damu ilipoanza mara ya mwisho, halafu uliza kama wanapima damu kwanza, dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani ipo ndani ya bei au pembeni, na nani anapokea simu saa nane usiku mshono ukifunguka. Chakula anaacha jioni ya kuamkia siku hiyo, maji anaendelea kunywa mpaka asubuhi. Na beba shuka kuukuu kwenye gari, anarudi amelegea kama mlevi na atakojoa.